Ile ya Mlima

Kuna watu hulia timu yao ya mpira ikishuka daraja. Mimi nililia injini ya kutafutia mtandaoni, na sioni aibu kusema. Siku niliyosoma kwamba imefungwa nilikuwa nyumbani Pasua, hapa Moshi, nimeinjika maharage, na maharage yale yaliungua yote. Mume wangu alisikia harufu, akaja, akaona machozi, akauliza nani amefariki. Nikamwambia. Alicheka mpaka akakaa chini, nami sikumsemesha hadi kesho yake.

Jina halisi la injini hiyo lilikuwa la kigeni na lilitusumbua ulimi, kwa hiyo dukani nilikofanya kazi tuliiita Ile ya Mlima. Juu kabisa ya ukurasa wake palikuwa na mchoro wa mlima, mistari michache tu ya kilele. Aliyeuchora hakuwa na habari na sisi, hilo nalijua. Lakini mweke mtu wa Moshi mbele ya mchoro wa mlima halafu umwambie kwamba huo si Kibo, kilele cha Kilimanjaro, uone atakavyokutazama. Wateja wetu walikaa mbele ya kompyuta, wakaona kilele, wakaiamini papo hapo.

Duka lenyewe lilikuwa la picha. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa hapa hapa mjini kama baba yake, aliyepiga picha za harusi na za pasipoti kwa nusu ya maisha yake. Alipoona kila mtu anaanza kununua kamera, alitoa viti vya kusubiria akaweka kompyuta tatu. Akaniajiri mimi, ambaye ndio kwanza nimemaliza kidato cha sita, kwa sababu nilijua kupiga chapa bila kuangalia vidole. Mimi nilimwita mzee, yeye aliniita binti, na tuligombana kila siku kuhusu feni.

Mtandao wa wakati ule ulipita kwenye waya wa simu ya mezani. Kabla ya kuunganisha, modemu ililia kama nguruwe aliyeona kisu. Mtu akipiga simu kuuliza kama picha zake ziko tayari, mtandao ulikatika, na wateja watatu walinigeukia mimi kana kwamba nimeukata kwa meno.

Kwa hiyo mtaelewa kwa nini niliipenda Ile ya Mlima. Ukurasa wake ulikuwa mwepesi: mlima, kisanduku cha kuandikia, basi. Ulifunguka kabla mteja hajamaliza kuvuta kiti. Kabla yake tulitumia injini zile zilizopangwa na watu kwa mikono, kama kabati la droo: michezo droo hii, afya droo ile. Ukitaka kitu ambacho mpangaji hakukifikiria, shauri yako. Ile ya Mlima haikumngoja mpangaji. Ilikuwa na kitu chake kinachozunguka mtandaoni kikisoma kurasa neno kwa neno, na ukiiuliza neno lolote, hata la kipuuzi, ilikuambia limeandikwa wapi. Nilijifunza ujanja wake wote. Ukiyafunga maneno kwa alama za kunukuu, inayatafuta yakiwa yameshikana. Ukiweka alama ya kutoa mbele ya neno, inalitupa. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa nayo kichwani hata nikiwa kanisani.

Watu waliiuliza mambo ya ajabu. Mwongoza watalii alikuja kumtafuta mgeni aliyemwahidi viatu. Bibi harusi wa Pasua alitaka picha ya gauni la malkia fulani, upande wa mgongo tu, kwa ajili ya fundi. Wengi waliandika kwa adabu kama wanaomwandikia mkuu wa wilaya: habari za kazi, mimi sijambo, naomba kujua bei ya kahawa. Ile ya Mlima ilitafuta maneno hayo yote kwa uaminifu, pamoja na "sijambo", ikarudi mikono mitupu. Kiswahili kilikuwa bado hakijafika huko.

Hilo liliniudhi, na lililoniudhi zaidi ni Kilimanjaro. Ukiuliza jina la mlima ilikuletea maelfu ya kurasa, zote za wageni: wamevaa nini, wametapika kituo kipi, wamelia namna gani walipofika juu. Kuhusu sisi tunaoishi chini yake, sentensi moja: wenyeji ni wakarimu. Nilikuwa naizima kompyuta kwa hasira na kuiwasha tena kwa sababu mteja alikuwa bado amekaa.

Sasa Bibi. Bibi yangu mzaa baba aliishi Kilema, huko mlimani, peke yake, kwenye kihamba, lile shamba la nyumbani la ukoo, ambacho kwa desturi yetu ni cha kitinda mimba. Wakubwa hupewa pao wakioa. Wa mwisho hubaki na wazazi, huwatunza, huwazika, na nyumba na migomba na kahawa vinakuwa vyake. Kitinda mimba wa Bibi, baba yangu mdogo, alikwenda Marekani kusoma uhandisi. Barua zilikuja, zikapungua, zikakoma. Kisha mtawa mmoja wa misheni aliyesoma huko akarudi na habari kwamba kijana ameacha masomo, amehama mji, na hakuna anayejua alikokwenda.

Kila Desemba ukoo ulipopanda nyumbani kwa Krismasi na mbuzi akachinjwa, Bibi alitenga fungu la kitinda mimba akalifunika kwa jani la mgomba. Kesho yake alimpelekea jirani. Baba na kaka zake walikuwa wameanza kusema chinichini kwamba kihamba kigawanywe, maana mwenyewe hayupo. Bibi hakutaka kusikia. Alichotaka kilikuwa kimoja tu: amwone mtoto wake, naye angali na macho ya kumwona.

Alisikia kwamba mjukuu wake anakaa na mashine inayotafuta. Siku ya gulio alishuka na ndizi zake mpaka sokoni Kiboriloni, akauza, akajitwika kikapu kitupu akaja mjini dukani. Nilimkalisha mbele ya kompyuta. Aliuangalia ule mchoro kwa muda.

"Ni Kibo hiyo?"

"Ni mchoro tu, Bibi."

"Nimeuliza, ni Kibo?"

"Ni Kibo."

Akaridhika. Akakunja mikono mapajani, akanyamaza. Nilingoja. Mzee naye, kule kaunta, alingoja.

"Bibi, niandike nini?"

"Subiri," akasema. "Haijasalimia."

Bibi alikuwa na sheria yake, sijui kama ni ya Kilema nzima au ya nyumbani kwetu tu. Watu wakikutana njiani, anayeshuka kutoka upande wa mlima ndiye asalimie kwanza, maana ametoka kwenye baraka na hana sababu ya kuibana. Mashine hii, kwa jinsi alivyoiona kwa macho yake mwenyewe, ilitoka mlimani. Yeye alikuwa ametoka Kiboriloni, huku chini. Nilimweleza kwamba hiki ni chombo, hakina mdomo, na dakika zinakwenda. Aliniangalia jinsi anavyomwangalia mtu anayemtetea mtoto asiye na adabu.

Mzee ndiye aliyetuokoa. Alitoka kaunta, akapita nyuma ya kompyuta, akainama kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akajibu Bibi, akimtazama yeye na si kioo. "Walau kuna aliyelelewa humu ndani. Haya, andika."

Tuliandika jina la baba mdogo. Lilikuwa jina la ubatizo ambalo mapadri waligawa kijiji kizima, likifuatwa na jina la ukoo ambalo nusu ya mlima inalo. Ile ya Mlima ilituletea mcheza mpira, padri, na mtu aliyefungwa kwa kuendesha gari amelewa.

"Huyu je?" Bibi aliuliza.

"Huyu ni Mzungu, Bibi."

"Na huyu?"

"Huyu alikufa zamani."

"Basi si yeye. Endelea."

Akawa anakuja kila akishuka gulioni. Alimletea mzee ndizi mshare, zile za kupika, na mzee alimshukuru kwa Kichagga, "Aika, mama, aika," kwa matamshi ambayo Bibi alikuwa akiyaigiza njia nzima ya kurudi, akicheka peke yake. Mimi nilitafuta kwa kila ujanja niliokuwa nao. Nilitafuta vyuo, nilitafuta makanisa, nilitafuta vyama vya Watanzania wa huko. Kila mara Bibi alivuta kiti karibu kama mtu anayeota moto, na kila mara aliondoka na kikapu kitupu.

Siku moja alichoka. Alikuwa amenyeshewa, ndizi hazikutoka vizuri, na mimi nilikuwa nimemwonyesha padri yule yule kwa mara nyingine.

"Wewe kila siku unamtafuta yeye," alisema kwa sauti, wateja wakageuka. "Yeye akitutafuta sisi, anatuona wapi?"

Sikuwa nimewahi kulifikiria. Niliandika jina la Kilema. Zikaja kurasa chache, za Kijerumani nyingi, kuhusu wamisionari wa kwanza, na picha ya kanisa ambayo haikuwa na mtu hata mmoja mbele yake. Bibi alipoelewa kwamba Kilema yote iliyomo ndani ya mashine ni mapadri waliokufa, alikasirika kuliko nilivyokasirika mimi kuhusu Kilimanjaro. Nikajua hasira yangu nimeirithi wapi.

"Maji ya mfongo," alisema, na mfongo ni mfereji ule wa mababu unaoteremsha maji kutoka msituni mpaka mashambani, "huyafuati na ndoo huko juu. Unachimba. Yanakuja mpaka kwenye mgomba wako. Chimba!"

Na kweli, chini kabisa ya ukurasa wa Ile ya Mlima, kwa maandishi madogo, palikuwa na mahali pa kuongeza ukurasa wako. Unaweka anwani yake, na kile kitu chao kinachozunguka kinapita kuusoma. Nilikuwa nimeyaona maneno hayo kila siku bila kudhani yananihusu. Nilidhani yanawahusu wale wenye viatu vya kupandia mlima.

Niliandika tangazo zuri, lenye jina lake kamili, mwaka aliozaliwa na maneno "anatafutwa na familia yake". Nilimsomea Bibi. Alitikisa kichwa kabla sijamaliza.

"Hilo ni tangazo la mwizi. Futa."

"Sasa atatuonaje bila jina lake?"

"Mtu mwenye aibu haendi kuandika jina lake mwenyewe. Wala jina la mama yake. Ataandika chakula."

Nilitaka kubisha, lakini mzee alidakia kutoka kaunta. "Kweli kabisa, binti. Ndugu yangu yuko Uingereza miaka na miaka. Akipiga simu haulizi nani mgonjwa, nani kafa. Anauliza achari ya mama ilitiwa nini."

Ikawa kiburu. Huko kwingine watu wanajua mtori na machalari, hata hotelini utavikuta, lakini kiburu ni cha nyumbani: ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, kizito, rangi yake haivutii mgeni. Bibi alikaa wima, akaelekeza, nami nikaandika kila neno, kwa sababu nilipojaribu kuruka alinipiga kofi la begani.

"Menya mshare, na ziwe mbichi, usiniletee zilizoiva. Maharage yawe yamechemka mapema, si mpaka njaa ikuume ndio unayakumbuka. Weka magadi kidogo. Nimesema kidogo. Mboga ya mnafu itie mwishoni, uchungu wake ndio dawa, na usijifanye huutaki, nakujua. Ponda taratibu, hufukuzi nzi. Na kama shule imekushinda, njoo ule. Kiburu hakiulizi cheti."

Vidole vyangu vilisimama.

"Bibi, na hiyo nayo ni mapishi?"

"Hiyo ndiyo mapishi. Hayo mengine anayajua."

Niliuweka ukurasa kwenye nafasi ya bure iliyokuwa ikitolewa na kampuni moja ya nje. Juu tuliandika "Kiburu cha Kilema", chini nikaweka anwani ya barua pepe ya duka, kisha nikaipa Ile ya Mlima taarifa. Wiki zikapita. Kila asubuhi niliandika neno kiburu na kila asubuhi ilinijibu kwamba hailijui. Halafu asubuhi moja, kabla hata mzee hajafungua dirisha la pili, iliniletea jibu moja. Letu. Neno la jikoni kwa Bibi, peke yake kwenye mtandao wa dunia nzima, chini ya mchoro wa mlima. Nilipiga kelele mpaka mzee akaangusha taa ya kamera. Nikasema nitaipenda mashine hii mpaka nife, na nilimaanisha.

Barua zikaanza kuja, lakini si ile tuliyoingoja. Muuguzi wa Marangu aliyekuwa Ujerumani aliuliza magadi atapata wapi. Dereva wa malori, kwenye nchi ya theluji, aliuliza kama ndizi za madukani zinafaa. Binti aliyezaliwa huko huko ng'ambo aliandika kwa Kiingereza kwamba baba yake ameusoma ukurasa kwa sauti mezani na wote wamecheka, kisha baba akaenda kusimama nje. Nilimsomea Bibi kila barua. Alimjibu kila mmoja, bila huruma.

"Mwambie ndizi za duka la Wazungu ni za kupambia meza. Na yule muuguzi muulize ni wa nani. Wa Marangu ipi?"

Walijieleza, naye aliwatambua, huyu mjukuu wa fulani, yule mama yake alikuwa na mguu mbaya. Akawa na watoto kila bara. Lakini nilipokunja karatasi ya mwisho aliuliza swali lile lile.

"Na yeye?"

"Hajaandika, Bibi."

"Haya."

Ile ya Mlima nayo ilikuwa na mambo yake. Nadhani ilitamani kuwa kila kitu kwa kila mtu. Kwanza yakaja matangazo pembeni. Kisha habari, hali ya hewa ya miji tusiyoijua, nyota za kubashiria, duka la kununulia vitu, mpaka ukurasa ule mwepesi ukawa kama gulio la Kiboriloni siku ya mkesha wa sikukuu. Kwenye waya wetu wa simu ulifunguka nusu, ukakwama kwenye nyota. Wateja wakaanza kuhamia kwa ile nyingine mpya, nyeupe, isiyo na kitu ila kisanduku. Mimi nilikataa. Mzee alinitania kwamba nimeolewa na mlima, na kwamba mahari alipaswa kupewa yeye.

Baadaye wakauondoa mchoro. Siku hiyo nilitazama juu ya ukurasa kama mtu anayeamka akakuta mawingu yamekaa kwenye Kibo, ila haya hayakuondoka. Niliendelea kuiita jina lile lile. Ikauzwa, aliyeinunua naye akanunuliwa, na mwisho nasikia ilikuwa inavaa jina lake tu huku kazi ikifanywa na mashine ya mtu mwingine. Hata hivyo ukiiandikia kiburu ilituleta sisi, tena wa kwanza.

Mzee alizeeka, akauza duka kwa vijana wa simu, akahamia kwa binti yake. Mimi niliolewa, nikafungua stesheneri yangu Pasua, ya kutoa kopi na kuchapa barua. Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, nilifungua Ile ya Mlima, nikaandika neno moja, nikatuona, nikafunga. Ndivyo mtu anavyopita mbele ya nyumba ya wazazi kuhakikisha tu kwamba mlango upo.

Kisha ikafungwa, na maharage yangu yakaungua. Zile nyingine sikuweza kuzifanya zituone. Ukiandika kiburu zilikuletea hoteli za kitalii na wapishi waliovaa kofia ndefu. Jumamosi nilipanda Kilema kumwambia Bibi. Alikuwa amekaa mlangoni, macho yamekuwa mazito, anakata majani ya mbuzi kwa kupapasa.

"Imefungwa, Bibi. Ile ya Mlima."

"Wamefilisika?"

"Sijui. Watu waliiacha."

"Na yeye sasa atapitia wapi?"

Njia nzima ya kuteremka nililia tena, na safari hii sikuwa naililia mashine.

Masika iliyofuata, Jumapili moja baada ya misa, nilikuwa nyuma ya nyumba ya Bibi naosha vyombo. Mvua ilikuwa ya manyunyu. Nikamsikia anafoka.

"Nani huyo? Nani anakanyaga migomba yangu? Wewe! Ndizi za watu hizo!"

Nilitoka na sufuria mkononi. Katikati ya migomba palikuwa na mwanamume wa makamo, mwavuli mweusi, viatu vya ngozi vimejaa tope. Alikuwa anatembea polepole, ameinamisha kichwa, anaangalia chini. Alikuwa amefika kwenye kaburi la Babu, maana kwetu tunazika shambani, akainama, akaanza kuangalia nafasi iliyo wazi pembeni yake, ndipo sauti ya Bibi ilipomfikia. Alinyooka kama aliyepigwa. Mwavuli ukaanguka. Kisha mtu mzima yule alikaa chini kwenye tope, akalia kwa sauti, kama mtoto aliyepotea sokoni na kuonekana.

"Mwizi gani huyu analia?" Bibi aliuliza.

Mimi nilikuwa nimeshaliona paji la uso. Lilikuwa la baba yangu. "Bibi," nikasema, "ni baba mdogo."

Hakukimbia, hakupiga kigelegele. Aliomba fimbo yake. Alitembea kati ya migomba mpaka alipokaa mtoto wake, akampapasa kichwa, masikio, mabega, akamtemea mate ya baraka utosini. "Inuka," akasema. "Unaloa."

Jikoni palikuwa na kiburu cha jana. Baba mdogo alikula sahani ya kwanza bila kuinua macho, na Bibi alikaa ameshika upindo wa koti lake.

"Ulikuwa unatafuta nini pale kwa baba yako?"

"Kaburi lako, mama."

Akatueleza. Shule ilikuwa imemshinda kweli. Alifanya kazi za maghala, za kusukuma wagonjwa, za kulinda milango, na kila alipotaka kuandika aliona bado hana cha kuleta. Mkono mtupu haulambwi. Halafu wakati mmoja wa baridi aliandika neno kiburu kwenye Ile ya Mlima, akatukuta. Anwani ya ukurasa hakuiweka popote. Alijua njia tu: anafungua, anaandika neno, tunatokea. Mpaka siku aliyofungua akakuta hakuna kitu, akatafuta kwa zile nyingine, akakuta wapishi wa kofia.

"Nikajua umekufa," alisema. "Nikajua wameufuta ukurasa kwa sababu mwenyewe hayupo. Nikasema walau nikalione kaburi."

Bibi aliachia koti. "Uliusoma tangu lini?"

"Tangu mwanzo, mama. Mwaka ule ule mliouweka, nadhani."

"Mara moja moja?"

"Kila nikizidiwa. Siku nyingine kila siku."

"Na ukishausoma?"

"Natulia," alisema baba mdogo. "Nakusikia unavyonigombeza, natulia, naenda kazini."

Bibi alinigeukia mimi. Sijui macho yake yalikuwa yanaona kiasi gani wakati huo, lakini yalinipata.

"Umesikia? Alikuwa anashibia huko huko." Akanyoosha mkono kutafuta upawa. "Hao watu wako wa mashine wangeifunga mapema."

Nilikuwa nimeiombolezea mashine ile kama ndugu, na naipenda hata leo, kwa sababu ilimlisha mtoto wa watu miaka yote ambayo sisi hatukujua hata yuko mji gani. Lakini nilimwangalia Bibi akimpakulia baba mdogo sahani ya pili bila kumuuliza kama anataka, mtu mwenye mvi, naye akiipokea kwa mikono miwili, na nikamshukuru Mungu kwamba Ile ya Mlima imekufa kabla ya Bibi.